Ushuru Umefutwa, Mbona Kahawa Hailipi?

(Mada iliyotolewa Mbinga mbele ya viongozi wa vikundi vya wakulima wa kahawa na wafanyabiashara wadogo wa mwambao wa Ziwa Nyasa)

Nimeombwa nizungumze juu ya mikataba ya biashara ya kimataifa na ushuru wa forodha. Najua kwamba baada ya ugali wa mchana mada kama hii huleta usingizi, kwa hiyo nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

Mwaka 2006 nilikuwa kijana mwenye shahada mpya, na nilitumwa vijijini kuelimisha wakulima juu ya utandawazi. Miaka ile makanisa na mashirika mengi duniani yalikuwa na kampeni ya kudai haki katika biashara, na sisi tulikuwa na mabango na vijitabu vyetu. Nilisimama chini ya mparachichi katika kijiji kimoja cha hapa wilayani nikasema kwa sauti kubwa kwamba Ulaya inatoza kahawa yetu ushuru mkubwa, na ndiyo maana mkulima wa Mbinga ni maskini. Mama mmoja mtu mzima akanyoosha mkono. Akaniuliza, "Mwanangu, katika kila kilo wanatoza shilingi ngapi?"

Sikujua. Nilirudia tu kwamba ni mkubwa. Watu wakatabasamu kwa adabu, kama mnavyotabasamu sasa.

Ilinichukua wiki kadhaa kupata jibu, na jibu lenyewe lilikuwa sifuri. Kahawa ghafi, yaani ile iliyokobolewa na kufungwa kwenye magunia bila kukaangwa, inaingia Ulaya bila ushuru wowote, itoke Mbinga, Brazil au Vietnam. Marekani nayo kwa miaka mingi haikuitoza kitu, wala Japani. Sababu yake ni rahisi. Nchi hizo karibu hazina wakulima wa kahawa wa kuwalinda ndani ya mipaka yao, ila zina viwanda vya kukaanga vinavyotaka malighafi ya bei nafuu. Ushuru kwa mali ghafi ungewaumiza wenyewe.

Ushuru unaanza pale unapojaribu kupanda ngazi moja. Kahawa ile ile ikikaangwa, Umoja wa Ulaya unaitoza asilimia 7.5 katika kiwango chake cha kawaida. Ni kama mlinzi wa getini anayekuruhusu upite bure ukiwa umebeba gunia, lakini ukija na pakiti anakusimamisha ulipe. Ujerumani haina hata mche mmoja wa kahawa shambani, lakini huuza kahawa iliyokaangwa nchi za nje kwa wingi.

Hapo nilidhani nimepata pa kushika, nikataka kurudi kwa yule mama kumwambia, "Umeona? Nilikuwa sahihi nusu." Lakini hata nusu hiyo haikusimama. Tanzania imo katika kundi la Umoja wa Mataifa la nchi zenye maendeleo duni zaidi, na tangu Machi 2001 Umoja wa Ulaya uliziruhusu nchi za kundi hilo kuingiza kila kitu isipokuwa silaha bila ushuru na bila kikomo. Kila kitu, pamoja na kahawa iliyokaangwa. Na hata kabla ya hapo, kuanzia Mkataba wa Lomé wa mwaka 1975, bidhaa nyingi za nchi zetu zilikuwa na unafuu huo. Kwa hiyo geti limekuwa wazi kwa zaidi ya miaka ishirini, hata kwa pakiti. Ziko wapi pakiti za Mbinga?

Kahawa iliyokaangwa haivumilii safari kama ghafi. Ghafi inakaa ghalani miezi mingi, ila iliyokaangwa inapoteza harufu upesi, kwa hiyo viwanda hukaanga karibu na mnywaji. Tena viwanda vile havikaangi kahawa ya nchi moja. Huchanganya ya Brazil, ya Colombia, ya Vietnam na yetu kidogo ya kutia utamu, ili kila pakiti iwe na ladha ile ile mwaka mzima. Kiwanda cha hapa Mbinga kitapata wapi kahawa ya Colombia ya kuchanganya? Ongeza mtaji, riba ya benki, vifungashio, matangazo na nafasi kwenye rafu za maduka makubwa. Bukoba wana TANICA, inayotengeneza kahawa ya unga, na ni jambo la kujivunia, lakini sehemu kubwa kabisa ya kahawa ya nchi hii inaondoka ikiwa ghafi. Nasi wenyewe hatusaidii. Nimekaribishwa katika nyumba nyingi za wakulima wa kahawa Umatengo na kila mara nimepewa chai.

Tukirudi kwenye swali la yule mama, kama siyo ushuru, kitu gani kiliua bei? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi wenu mlikuwapo au wazazi wenu walikuwapo, na habari hii haisimuliwi vya kutosha.

Kulikuwa na Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa. Ulianza mwaka 1962, ukiwa na nchi zinazouza na nchi zinazonunua, Marekani ikiwamo. Kila nchi muuzaji ilipewa mgawo wake wa kuuza. Bei ikishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, migawo inapunguzwa. Ikipanda sana, inalegezwa. Katika miaka ya 1980 kiwango kilichokusudiwa kilikuwa kati ya dola 1.20 na 1.40 kwa ratili, yaani karibu nusu kilo. Kwa kilo nzima ni kama dola 2.60 hadi 3.10. Wazee wanaokumbuka kahawa iliyosomesha watoto na kuezeka nyumba kwa bati wanakumbuka miaka ya mkataba huo, ingawa wengi hawakupata kulisikia jina lake.

Mkataba ulivunjika mwezi Julai 1989. Brazil haikutaka mgawo wake upunguzwe. Marekani ililalamika kwamba nchi zisizo wanachama zinauziwa kahawa ile ile kwa bei ya chini, na kwamba wanywaji wake wanataka zaidi kahawa laini, ile ya arabika iliyooshwa kama yetu na ya Colombia, ambayo migawo iliibana. Malalamiko hayo yalikuwa na ukweli. Unaweza hata kusema kwamba Marekani ilikuwa inaitetea kahawa ya Mbinga bila kuijua Mbinga. Lakini walipokosa kuelewana, migawo ilisimamishwa na kila nchi ikamwaga sokoni ilichokuwa nacho ghalani. Katika muda mfupi bei ilianguka, na ilipofika mwaka 1992 ilikuwa haifiki nusu ya ile iliyokusudiwa.

Mtaona kwamba hapa hakuna ushuru uliopandishwa wala kupunguzwa. Kilichoondoka ni mkataba. Sisi tumezoea kusikia kwamba mikataba ya kimataifa ndiyo inayotunyonya, na ipo inayofanya hivyo. Ila pigo kubwa kuliko yote lililompata mkulima wa kahawa wa Mbinga katika kizazi chetu lilitokana na mkataba kufa.

Pigo hilo lilikuja wakati mbaya. Ruzuku ya pembejeo ilikuwa inaondolewa. Katika msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kuingia vijijini, na katikati ya miaka ya 1990 chama kikuu chetu, MBICU, kilianguka. Mwaka 1997 bei ya dunia ilipanda ghafla kupita dola 3 kwa ratili, watu wakapata matumaini. Wakati huo huo Vietnam ilikuwa imepanda kahawa nyingi mno, na Brazil vilevile. Mwaka 2001 wastani wa bei ya dunia ulikuwa senti 46 hivi za dola kwa ratili. Pigeni hesabu, ni kama dola moja kwa kilo ya kahawa iliyokobolewa, karibu shilingi 900 za wakati ule, na hiyo ni bei ya huko sokoni kwa wakubwa. Ondoa meli, bandari, lori, ukoboaji, makato na faida ya mnunuzi, ndipo umfikie mwenye shamba.

Hapo ndipo magoma yalipoota mizizi. Sina haja ya kuwaeleza ninyi magoma ni nini, lakini taarifa hii itasomwa na watu wa mbali, basi niseme: ni kuuza kahawa ikiwa bado mtini. Ada ya shule imefika, au mgonjwa yuko hospitali, mwenye fedha anakupa kiasi fulani mwezi wa pili na wewe unamlipa gunia wakati wa mavuno, kwa bei yake. Serikali imekemea, vyama vimekemea, sisi wa kanisani tumehubiri. Yapo. Nami sitawalaumu sana wanaouza, maana anayeuza magoma anajua hasara yake kuliko mimi. Ninachotaka mwone ni kamba inayounganisha chumba cha mkutano wa London mwaka 1989 na mtoto aliyeacha shule hapa miaka michache baadaye. Ni ndefu, lakini haijakatika popote.

Februari 2025 bei huko New York ilipita dola 4 kwa ratili, haijapata kutokea. Kahawa hiyo hiyo, ushuru huo huo wa sifuri. Aliyekuwa ameshauza magoma alisikia habari hiyo redioni.

Sasa niruke kidogo hadi kwenye mikataba mipya, maana mmeniuliza juu ya ule wa Ulaya, EPA. Ulijadiliwa kwa miaka mingi na nchi za Afrika Mashariki na mazungumzo yakakamilika Oktoba 2014. Ulaya ingeendelea kutufungulia soko lake lote, na sisi tungefungua, hatua kwa hatua, asilimia 82.6 ya bidhaa zinazotoka kwao. Kenya na Rwanda zilisaini Septemba 2016. Tanzania ilikataa, Bunge lilijadili Novemba mwaka huo na kushauri tusisaini, na Mzee Mkapa alikuwa ameshaandika kuupinga kwa nguvu, akihofia viwanda vyetu vichanga.

Wengine walisema tumejifungia nje. Kwa kahawa ya Mbinga haikuwa hivyo. Tusingesaini au tungesaini, gunia lingeingia Ulaya bila kitu. Kenya haikuwa na nafasi hiyo, kwa sababu haimo katika kundi la nchi maskini zaidi. Mwaka 2014, mazungumzo yalipochelewa, maua yake na bidhaa nyingine zilitozwa ushuru Ulaya kuanzia Oktoba hadi karibu na Krismasi, na wakulima wa maua wakapata hasara. Jirani yetu alisaini kwa sababu alikuwa na kisu shingoni. Baadaye Kenya ilifanya mkataba wake peke yake na Ulaya, ukaanza kutumika Julai 2024.

Nawaeleza ya Kenya kwa sababu kisu hicho kinaweza kutufikia. Mwaka 2024, Umoja wa Mataifa ulipopima nchi maskini zaidi, Tanzania ilifikia kwa mara ya kwanza vigezo vya kuhitimu kutoka kundi hilo. Upimaji mwingine ni 2027. Kuhitimu kwenyewe huchukua miaka, na Ulaya hutoa miaka mitatu zaidi ya neema. Ni jambo la heshima, lakini heshima hiyo ina gharama, maana siku tutakapohitimu, ule mlango wa kila kitu isipokuwa silaha utafungwa. Kahawa ghafi haitaguswa. Atakayeguswa ni kijana wetu atakayekuwa ameshafungua kiwanda cha kukaanga. Kwa hiyo mkisikia viongozi wanajadili EPA tena, msiulize tu kama tunapendwa au tunanyonywa. Waulizeni alivyouliza yule mama: kwa bidhaa ipi, kiasi gani, kuanzia lini?

Niwageukie ndugu zangu wa ziwani, ambao mmekaa kwa subira mkisikiliza habari za kahawa. Kwenu mkataba unaohusika hauko Ulaya, uko ng'ambo ya maji. Tanzania na Malawi zote ni wanachama wa SADC, na eneo huru la biashara la SADC lilizinduliwa Agosti 2008. Kwa karatasi, mchele wa Tanzania ukivuka ziwa kwenda Nkhata Bay hauna ushuru. Lakini Machi 2025 Malawi ilizuia kuingizwa kwa mahindi, mchele, unga, tangawizi na ndizi, ikisema inalinda wakulima wake. Tanzania ikajibu Aprili kwa kuzuia mazao ya Malawi, na ya Afrika Kusini pia kwa ugomvi mwingine, kisha ikalegeza baada ya siku chache kupisha mazungumzo. Siku chache kwa waziri ni jambo dogo. Kwa mama aliyekopa kwenye VICOBA akanunua ndizi za kuvusha, siku chache ndizo ndizi zenyewe.

Wala tusijifanye wasafi. Juni 2017 ni Serikali yetu iliyozuia mahindi kuuzwa nje kwa hofu ya njaa, wakati maghala ya mkoa huu wa Ruvuma yalikuwa yamejaa. Hakuna Mzungu aliyehusika.

Marekani nayo imetufundisha somo la karibuni. Aprili 2025 iliweka ushuru wa asilimia 10 kwa bidhaa za nchi nyingi, yetu ikiwamo, na kahawa haikusamehewa. Agosti ile kahawa ya Brazil ikatozwa asilimia 50. Baadhi ya watu walifurahi, wakidhani wanunuzi watakimbilia kwetu. Lakini sisi ni wadogo mno kujaza nafasi ya Brazil, na bei ya kahawa kwa mnywaji wa Marekani ilipanda hadi Serikali yake yenyewe ikaona haya. Novemba 2025 kahawa iliondolewa kwenye ushuru huo. Miezi saba tu, na hakuna aliyeombwa maoni Mbinga.

Linalonikosesha usingizi sasa siyo ushuru kabisa. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya ukataji miti. Kahawa, kakao, mbao na bidhaa nyingine kadhaa hazitaingia Ulaya bila uthibitisho kwamba shamba zilikotoka halikuwa msitu uliofyekwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Mwenye kuingiza mzigo lazima aonyeshe mahali shamba lilipo duniani kwa vipimo vya setilaiti. Kwa shamba lisilozidi hekta 4, kama yalivyo mengi yenu, nukta moja inatosha. Likizidi hapo ni lazima mipaka yote ichorwe. Sheria imeahirishwa mara mbili. Kwa uamuzi wa Desemba 2025, makampuni makubwa na ya kati yataanza mwishoni mwa Desemba 2026, na madogo katikati ya 2027.

Ushuru utabaki sifuri, lakini gunia lisilo na nukta litabaki nje ya geti. Mnunuzi mwenye haraka atafanya nini? Atakwenda kwa mwenye shamba kubwa moja lililopimwa kuliko kukusanya nukta za wakulima mia nne wa ngolo walioshikilia miteremko. Hilo ndilo hatari, kuliko asilimia 7.5 niliyokuwa naipigia kelele.

Juzi nilikuwa na kijana mmoja mwenye shamba zuri, miche imestawi na imeanza kuzaa. Aliipanda mwaka 2022, juu ya mteremko ambao mwaka mmoja kabla ulikuwa na miti ya asili. Aliniuliza, "Mratibu, hii yangu itanunuliwa?" Nilimwambia ukweli, kwamba Ulaya haitaruhusiwa kuinunua, na kwamba akiichanganya na ya wenzake kwenye mtambo wa kikundi anaweza kuuzuia mzigo wa wote. Soko la Japani au la hapa nchini bado liko wazi kwake, basi kikundi kipokee kahawa yake kando na kuiandikia daftari lake. Hakufurahi. Aliuliza tena kwa nini waliokata misitu yao Ulaya zamani hawapimwi. Swali hilo ni la haki kabisa, na sikuwa na jibu la kumpa. Lakini Desemba haisubiri jibu.

Kwa hiyo ombi langu kwa vyama vyenu vya ushirika. Tangu Serikali iliporudisha ununuzi wa kahawa kwenye vyama mwaka 2018, daftari la wanachama liko mikononi mwenu. Liwe na jina, idadi ya miche, mwaka shamba lilipofunguliwa na nukta ya shamba. Nukta ikipimwa na chama, nakala ibaki kwenye chama. Atakayekuja kupima kwa gharama yake halafu akaondoka na takwimu amewafunga kumwuzia yeye tu, na hiyo kwangu ni magoma ya aina mpya. Akina mama wanaolima shamba lililoandikwa jina la mume aliyefariki waandikwe wao sasa, kabla mtu mwingine hajasimama hapo na simu.

Nimekuja na simu mbili za kupimia. Kesho saa mbili asubuhi tutaanza na mashamba ya kikundi cha Litembo, na wa Tingi mnaolima kahawa huko juu ya ziwa mnakaribishwa kujifunza. Vaeni viatu vya matope, njia ya kule mnaijua.